SIRI YA MAMA, SEHEMU YA 4: Kutoka sanduku la posta hadi VPN

Tangu sehemu ya kadi ya kliniki, swali linalorudi inbox ni hili: "Nesi, nikiweka VPN halafu nikatafuta mambo ya uzazi wa mpango au vipimo, nani anaona?" Jibu lake lina historia ndefu kidogo, maana siri zetu hazikuanza kuvuja na simu janja.

Waulize bibi zenu habari za barua. Vijijini wachache sana walikuwa na sanduku la posta. Barua ilipita S.L.P. ya shule, ya parokia au ya ofisi ya mtu, ikapokelewa na mikono mitatu minne kabla ya kukufikia. Bahasha ikija gundi imelegea, unajua imeshasomwa. Ndiyo maana watu wakaandikiana kwa mafumbo. Halafu ukaja UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini waliripotiwa mwaka 1983 mkoani Kagera, majirani zetu hawa, na kwa miaka mingi wapo waliokimbia kipimo si kwa kuogopa sindano bali kwa kuogopa jina kutajwa. Sheria ya UKIMWI ya 2008 ikaandika kabisa kwamba majibu ya mtu ni siri. Kwa sisi manesi hilo si jambo la adabu tu. Mama anayeogopa kuonekana haulizi, na asiyeuliza anafika kwetu amechelewa.

Sasa simu. Mwaka 2019 tulipanga foleni kusajili laini kwa alama za vidole, mwisho ukasogezwa hadi tarehe 20 Januari 2020. Tangu hapo namba yako ina jina lako na kitambulisho chako cha NIDA. Hata hivyo msitishike kupita kiasi. Ukiingia tovuti yenye alama ya kufuli, kampuni ya simu inaweza kuona umekwenda tovuti gani, lakini ulichosoma na ulichoandika humo ndani haikioni.

Kinga ambayo wengi mnayo tayari bila kujua ni ile hali fiche ya Chrome, iliyokuja na Chrome yenyewe mwaka 2008. Kazi yake ni ndogo lakini kwetu ni kubwa: ukifunga ukurasa, simu haiweki kumbukumbu ya ulikopita. Nyumba ngapi hapa zina simu janja moja tu, mchana iko na baba machimboni, jioni iko kibandani inachajiwa, usiku wanayo watoto? Kwa siri ya ndani ya nyumba inasaidia. Kwa walioko nje, hapana. Google walishitakiwa Marekani mwaka 2020 kwa kukusanya taarifa za watu waliodhani wamejificha humo, na mwaka 2024 wakakubali kufuta mabilioni ya kumbukumbu hizo.

VPN haikutengenezwa kwa ajili yetu. Ilianzia miaka ya 1990, ili mfanyakazi aliye mbali aingie kwenye mtandao wa ofisi yake salama. Ni kama kuitia barua yako ndani ya bahasha ya jirani: posta wanaona jina la jirani tu. Lakini jirani sasa anajua barua zako zote zinakwenda wapi! Facebook walinunua kampuni ya Onavo mwaka 2013. VPN yake ilikuwa ya bure na ilijinadi kwamba inalinda watu, kumbe ilikuwa inawaonyesha wenye nayo ni programu zipi watu wanatumia, na kwa kiasi gani. Apple wakaifanya iondolewe dukani kwao 2018, mwaka uliofuata ikafungwa. Mimi VPN ya bure siiamini, ni kama muuza dawa asiyetaka pesa.

Ipo na Tor, iliyotokana na utafiti wa jeshi la majini la Marekani. Yenyewe inatumia bahasha tatu, kila jirani anamjua wa jirani yake tu. Ni imara, ila inakwenda polepole.

Hapa Tanzania wengi tulilijua neno VPN Oktoba 2020, wakati wa uchaguzi, mitandao ilipobanwa. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka huo zinagusa zana za kufungulia maudhui yaliyokatazwa: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote. Oktoba 2023 TCRA wakatangaza wanaohitaji VPN watoe taarifa zao ifikapo tarehe 30 mwezi huo. Yaani chombo cha kujificha, unakiandikisha. Ujue hilo kabla mtoto wa jirani hajakupakulia. Na tarehe 29 Oktoba 2025 intaneti ilipozimwa nchi nzima, VPN haikuwa na la kufanya. Hiyo ni njia ya kuzunguka, inahitaji barabara iwepo.

Lakini mama, kikubwa kiko hapa. Kuna programu ya kuhesabu siku za hedhi inaitwa Flo, iliyotumiwa na wanawake zaidi ya milioni 100. Iliahidi usiri. Mwaka 2021 serikali ya Marekani ikaibana kwa sababu taarifa za hedhi na mimba za wanawake zilikuwa zikifika Facebook na Google. VPN isingewasaidia kitu, maana waliziandika wenyewe mle ndani.

Kwetu ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Humo taarifa za afya ni nyeti, na za watoto pia. Anayezitaka anahitaji ridhaa yako kwa maandishi. (Wewe unayepiga picha kadi ya mtoto na kuiweka status, hiyo ridhaa umeitoa kwa mji mzima.)

Kwa hiyo jibu langu kwa wa inbox ni swali: unamficha nani? Kama ni anayeshika simu yako, hali fiche na nywila vinatosha. Kama ni programu yenyewe, usiandike. Siku zako weka alama kwenye kalenda ya ukutani, alama unayoijua wewe tu. Na lile usilotaka kabisa liandikwe popote, njoo kliniki tufunge mlango tuongee.

Sehemu ya 5 ni magrupu ya WhatsApp.