Usimfunge Nepi Mbichi

Ukienda sokoni leo kumtafutia mtoto mchanga nguo za kumfunga, muuzaji atakuuliza: za kutupa au za kufua? Za kutupa zote ni pampasi, hata zile ambazo kiwanda chake hakina udugu wowote na kampuni ya Kimarekani iliyolitoa jina hilo mwaka 1961. Za kufua nazo, usishangae, ni pampasi za kufua. Neno winda, walilolizoea bibi zetu wa pwani, limebaki midomoni mwa wazee na kwenye kamusi, na nepi, tuliyoipokea kwa Waingereza, bado inasikika kliniki. Majina haya na yapishane yatakavyo. Kinachonikera ni vitenzi.

Nepi za kisasa huja na kikaratasi cha maelezo, na mara nyingi aliyekitafsiri anaonekana hajawahi kuinamia beseni. Kila kitu kwake ni kuosha, kisha kukausha. Mswahili anaosha vyombo, ananawa mikono, anaoga mwili, na nguo anazifua. Fua ni neno la nguvu: mhunzi hufua chuma, na nazi hufuliwa makumbi yake. Taulo na flaneli za pamba zinaistahili nguvu hiyo. Zisugue, zikamue, zichemshe, hazitakulalamikia. Lakini kile kifuniko cha nje chenye maua na vifungo vya kubana ni poliesta iliyopakwa utando mwembamba wa plastiki. Ukikifua kama mhunzi, ukakikamua kwa kukisokota, au ukakitia kwenye sufuria inayotokota, utando hubanduka na kifuniko huanza kuvuja. Hicho kinataka kufikichwa taratibu, kisha kubinywa kwa viganja. Kiswahili kina maneno yote hayo. Kikaratasi kina moja.

Kitenzi ninachokiheshimu kuliko vyote ni suuza. Sabuni iliyobaki ndani ya nyuzi huzifunika, na kitambaa huacha kunywa. Ndiyo, kunywa: kitambaa kizuri cha nepi hunywa, kibaya hukaa juu ya mkojo kinauangalia tu. Mama aliyemfunga mwanawe vipande vya kanga kuukuu analijua hili bila kusoma popote. Kanga mpya ina wanga wa kiwandani, ukiimwagia maji yanateleza. Ni mpaka ilowekwe na kufuliwa tena na tena ndipo inapolegea na kuanza kunywa. Vitambaa vya mianzi navyo huhitaji kufuliwa mara kadhaa kabla ya kufikia uwezo wake. Ile dawa ya kulainisha nguo, yenye harufu ya maua, hupaka nyuzi mafuta. Nepi itanukia, na mtoto atalowa.

Kuna kitambaa kimoja kinachowatoa jasho wauzaji kwa jina lake tu. Wengine hukiita katani, lakini kwetu katani ni mkonge, yaani kamba na magunia. Nani atamfunga mtoto gunia? Kitani, ndugu yake kwa asili ya Kiarabu, ni kitambaa kingine kabisa. Ukiamua kusema kweli na kuandika kwamba nyuzi zake zinatokana na mmea wa jamii ya bangi, mteja ataondoka akiwa ameshika kichwa. Hapo sina ushauri, ila hakinywi vizuri mpaka kifuliwe mara kadhaa, kama cha mianzi.

Halafu yako maji baridi. Mkazi wa pwani anayechota kisimani au kununua kwa madumu anajua maji ni ya aina mbili: ya chumvi na baridi. Baridi ni yale yasiyo na chumvi, hata kama yamechemka. Kwa hiyo anayeambiwa afue nepi kwa maji baridi anaweza kuyapasha moto kwa moyo mweupe kabisa, na kile kifuniko kikaharibika akiwa ametii maelezo. Aliyetaka kusema maji yasiyo moto angeandika hivyo. Na bahati njema, ushauri wa maji yasiyo na chumvi nao ni wa kweli: ya chumvi hayatoi povu upesi, na madini yake hubaki kwenye taulo yakaligeuza gumu.

Tuje kwenye kukausha. Kausha hutaja mwisho wa kazi tu, iwe kwa pasi, kwa moto au kwa mashine. Anika inakuambia namna: kung'uta, tandaza, weka juani, acha upepo upite. Jua hufifisha madoa ya choo cha mtoto na kupunguza vijidudu. Taulo litakakamaa kama ng'onda, lakini ukilifikicha mikononi linalegea. Na anika ina mwenzake, anua, kama funika ilivyo na funua. Kuanua ni kazi yenye wakati wake: ukichelewa, umande unairudisha nguo kwenye hali ambayo Mswahili huiita mbichi.

Nguo mbichi! Neno lile lile la embe lisiloiva na nyama isiyopikwa, na linabeba onyo lile lile: haijawa tayari, usiitumie. Nepi mbichi humwasha mtoto mapajani. Barani Afrika kuna pia inzi anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevu, hasa zilizoanikwa kivulini na zenye harufu ya mkojo; buu lake hupenya ngozi na kufanya jipu. Pasi ya moto huyaua mayai kwenye pamba. Kifuniko hakiwezi kupigwa pasi, kwa hiyo kinga yake ni kusuuzwa sawasawa na kuanikwa juani mpaka kikauke kabisa.

Wauzaji na wafasiri, majina ya vitambaa kopeni mnavyotaka, lakini vitenzi vya kazi hii ulizeni uani. Andikeni hivi, itatosha: Choo kikung'utie chooni. Loweka. Fua kitambaa cha ndani, fikicha kifuniko taratibu kwa maji yasiyo moto. Suuza mpaka povu liishe. Anika juani. Anua kabla ya umande. Usimfunge mtoto nepi mbichi.