Kitabu Kabla ya Bendera: Bulgaria na Bunyakiri katika Historia ya Lugha

Aghalabu historia ya taifa huanzishwa kwa wafalme na mipaka. Jamii isiyokuwa na mfalme wala mpaka wake hupewa aya moja, kisha husahauliwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maandishi yaweza kuutangulia utawala, na kwamba jambo hilo lina uzito wa pekee kwa Watembo wa Bunyakiri, magharibi ya Ziwa Kivu.

Mfano ulio wazi ni wa Wabulgaria. Baada ya Tarnovo kutekwa mwaka 1393 na Vidin mwaka 1396, Wabulgaria walitawaliwa na Waturuki wa Osmani kwa takriban karne tano. Juu yao palikuwa na mamlaka mawili: Sultani alishika sheria na kodi, maaskofu wa Kigiriki wakashika kanisa. Mwaka 1762 mtawa Paisii wa Hilendar alikamilisha historia ya watu wake, akiwakemea walioona haya kuitwa Wabulgaria. Kitabu hicho kilienea kwa kunakiliwa kwa mkono. Nakala ya Kotel ni ya mwaka 1765. Zikafuata shule ya Gabrovo (1835), nyumba ya kusomea ya Svishtov (1856) na kanisa lenye uongozi wake (1870). Dola ilipatikana mwaka 1878. Kwa hiyo kitabu kiliitangulia bendera kwa miaka 116, na hadi leo tarehe 24 Mei Wabulgaria huadhimisha herufi na elimu yao.

Watembo wa Kalima, Mubuku na Ziralo nao waliwekwa chini ya mamlaka mawili. Wakoloni wa Kibelgiji waliwaingiza katika milki ya mwami wa Buhavu, na mpango huo ukadumu baada ya uhuru wa mwaka 1960. Hifadhi ya Kahuzi-Biega, iliyoanzishwa mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975, ikafunga sehemu ya msitu. Tangu mwaka 1996 vita vimewatawanya watu mara kwa mara, na wazee wanaofariki huondoka na simulizi zao.

Je, Kitembo, ndugu wa Kihavu, Kihunde na Mashi, kina maandishi gani? Katika miaka ya 1980 mwanaisimu wa Kijapani, Shigeki Kaji, alichapisha Tokyo msamiati wa Kitembo uliofasiriwa kwa Kiswahili cha Zaire, Kijapani na Kifaransa. Hapa Kiswahili, ambacho mara nyingi hushutumiwa kwa kuzimeza lugha ndogo, kilikuwa daraja. Hata hivyo, msamiati si historia. Majirani zao Wanyanga walikwenda mbali zaidi: utendi wa Mwindo, uliosimuliwa na Candi Rureke mwaka 1956, ulichapishwa mwaka 1969 na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, ambaye mwenyewe ni Mnyanga.

Ulinganisho huu una mpaka wake, tena una onyo. Mnamo 1984 na 1985 serikali ya Bulgaria iliwalazimisha raia wake wa asili ya Kituruki kubadili majina yao. Mwaka 1989 zaidi ya watu 300,000 walihamia Uturuki. Lugha iliyowakomboa Wabulgaria ikageuzwa kuwa fimbo ya kuwapigia majirani. Katika Kivu, ambako swali la nani ni mwenyeji limekwisha kumwaga damu nyingi, onyo hilo halihitaji ufafanuzi.

Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inazitaja lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwa mojawapo, na inazihesabu lugha nyingine kuwa urithi ambao serikali itaulinda. Lakini Paisii hakungoja Sultani amlinde. Historia ya Bunyakiri haina budi kuandikwa na wana wa Bunyakiri, kwa Kitembo na kwa Kiswahili: Kitembo ili watoto wajitambue, Kiswahili ili jirani naye aisome na kuijibu.