Usijifungie Nje: Historia Fupi ya Ukuta Unaoandikwa

Kwanza tusawazishe jina. Wengi wakisikia fayawoli hudhani ni ukuta unaowaka, kitu kama geti la jehanamu linalomchoma mwizi wa mtandaoni. Ukilitafsiri neno kwa neno unapata "ukuta wa moto", na maana inapotelea hapo hapo. Fayawoli ya asili ni ya waashi. Ni ukuta wa mawe au matofali unaosimama kati ya nyumba na nyumba ili moto wa jirani usivuke. London ilipoungua Septemba 1666 na nyumba zaidi ya 13,000 zikateketea, sheria ya ujenzi ya mwaka uliofuata ilitaka nyumba mpya ziwe za matofali au mawe. Mfanyabiashara wa Gikomba hahitaji kufafanuliwa hili. Anajua unaweza kuwa na nyaya safi na jiko umezima, na bado asubuhi ukakuta majivu, kwa sababu moto ulianzia kibanda cha tano kutoka chako na katikati hapakuwa na kitu.

Kwa hivyo fayawoli haikuanza na swali la adui ni nani. Ilianza na swali la jirani: akiungua yeye, mimi nitabaki? Mtandao ulichukua muda mrefu kujiuliza swali hilo.

Katika miaka ya 1980, intaneti ilikuwa kijiji cha wasomi. Vyuo vikuu, maabara za utafiti, ofisi kadhaa za serikali ya Marekani, basi. Kompyuta za Unix zilikuwa na faili dogo la kuorodhesha mashine zinazoaminika. Ukitoka kwenye mashine iliyo kwenye orodha, ulikuwa unaingia bila nywila. Yaani mtu anakuja mlangoni, anasema "mimi natoka kwa fulani", na wewe unamkaribisha chai. Kijiji kikiwa kidogo, hiyo ni heshima. Kikikua, ni mwaliko kwa yeyote anayejua kutaja jina la fulani.

Tarehe 2 Novemba 1988, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Robert Tappan Morris, aliachilia programu iliyojinakili yenyewe kutoka mashine moja hadi nyingine. Ilipita kwenye kasoro za programu ya barua pepe na ya kuulizia habari za watumiaji, ikakisia nywila dhaifu, na ikatumia zile orodha za udugu. Kwa makadirio ya wakati ule, kompyuta kama 6,000 kati ya 60,000 zilizokuwa kwenye intaneti ziliathirika. Haikufuta mafaili. Ilijirudufu tu, tena na tena, mpaka mashine zikashindwa kupumua. Mwaka 1990 Morris alihukumiwa kifungo cha nje cha miaka mitatu, saa 400 za kazi za jamii, na faini ya dola 10,050. Kijiji nacho kikaanza kuongea habari za kuta.

Kuta za mwanzo hazikuwa za ajabu. Mwaka 1989 Jeffrey Mogul wa kampuni ya DEC alieleza programu iitwayo screend, iliyokaa kwenye mashine inayounganisha mitandao miwili na kuamua pakiti ipi ipite. Pakiti ni kama bahasha. Nje imeandikwa anwani ya inakotoka, anwani ya inakoenda, na namba ya mlango inaoubisha. Mlinzi hafungui bahasha, anasoma juu tu kisha anaangalia orodha yake ya sheria. Kufikia 1994, Bill Cheswick na Steven Bellovin wa maabara za AT&T walikuwa wamechapisha kitabu kizima kuhusu fayawoli, na kazi hiyo ikawa taaluma inayofundishwa.

Nataka ushike neno moja hapo: orodha. Hii kitu si ukuta wa kujengwa. Ni maandishi. Mtu anakaa anaandika mstari mmoja mmoja nani aingie na nani asiingie, na mashine inasoma kutoka juu kwenda chini. Kwenye Linux, mstari wa kwanza unaolingana na pakiti ndio unaokata shauri kwa kawaida. Ukiandika "zuia wote" kisha chini yake "ruhusu mama", mama hataingia. Hatafikiwa hata kusomwa.

Linux yenyewe imebadilisha kalamu ya kuandikia orodha hii mara kadhaa. Toleo la 2.0 la mwaka 1996 lilikuja na ipfwadm. Toleo la 2.2 la 1999 likaleta ipchains, kazi iliyoongozwa na Rusty Russell wa Australia. Januari 2001, toleo la 2.4 likaleta iptables, na hapa palikuwa na hatua kubwa: mlinzi alipata kumbukumbu. Kabla ya hapo kila bahasha ilipimwa peke yake, kama vile haijawahi kuonekana nyingine. Sasa ukuta uliweza kujua kwamba bahasha hii inayoingia ni jibu la swali lililotoka ndani sekunde moja iliyopita, ukaipitisha bila maswali. Januari 2014 nftables iliingia kwenye kiini cha Linux toleo la 3.13, na tangu Debian 10 ya mwaka 2019 hiyo ndiyo mashine iliyo chini hata unapoandika amri za iptables za zamani. Msee aliyejifunza 2002 bado anaweza kukaa kwenye seva ya leo akaelewana nayo.

Lakini anakaaje, kama seva haina skrini wala kibodi?

Seva nyingi ziko hivyo. Kwa Kiingereza huitwa mashine zisizo na kichwa. Ni vyuma vilivyopangwa kwenye rafu za jengo lenye baridi, pengine Frankfurt, na mimi niko Nairobi na kompyuta ya mapajani. Hakuna dirisha la kubofya. Kuna mstari mmoja mweusi unaosubiri uandike. Mstari huo ni mzee kuliko sisi sote. Mpaka leo Linux inaita terminali zake tty, kifupi cha jina la zile taipureta za simu zilizokuwa zikichapa ujumbe kwenye karatasi.

Na njia ya kuufikia mstari huo ina historia yake. Zamani watu walitumia telnet, iliyobeba nywila yako mtandaoni ikiwa wazi kama kadi ya posta. Mwaka 1995 kuna mtu alinasa nywila kwenye mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Ufini. Mtafiti wa hapo, Tatu Ylönen, akaandika SSH, njia iliyofungwa kwa fumbo. Telnet ilikuwa na mlango namba 23 na FTP namba 21. Ylönen aliomba 22 iliyokuwa wazi katikati, akapewa. Ndiyo sababu kila anayelinda seva anaijua namba 22.

Sasa unganisha hayo mawili. Ukuta unauandika kupitia mlango, na mlango huo ni sehemu ya ukuta. Ukiamuru "funga kila kitu" kabla ya kuandika "isipokuwa 22", mashine itatii. Haitakuuliza kama wewe mwenyewe uko upande upi. Mstari mweusi utaganda, na seva itaendelea kufanya kazi huko Frankfurt bila kukujua. Kama mtoa huduma hana njia ya pembeni ya kukurudisha ndani, hiyo ndiyo kwaheri.

Ndiyo maana mpangilio ni huu, na si mwingine:

sudo ufw allow 22/tcp
sudo ufw default deny incoming
sudo ufw enable

Hiyo ufw ilikuja na Ubuntu 8.04 mwaka 2008, ili mtu wa kawaida asilazimike kuandika mistari mirefu ya iptables. Mstari wa kwanza unajiachia mlango, wa pili unaamua kwamba asiyetajwa haingii, na wa tatu unawasha. Ukiwasha ukiwa ndani ya SSH, programu yenyewe inakuonya kwamba muunganisho wako unaweza kukatika na kukuuliza kama uendelee. Onyo hilo ni historia iliyofupishwa. Wengi walijifungia nje hadi mtu akaona bora swali liwe ndani ya programu.

Mafundi wa zamani wana mbinu nyingine ninayoipenda zaidi. Kuna programu iitwayo iptables-apply. Inaweka sheria zako mpya, kisha inakuuliza: bado unanisikia? Usipojibu kwa sekunde chache, inarudisha sheria za zamani. Ruta za Juniper zina amri ya aina hiyo pia, zinazokupa dakika kumi usipotaja muda mwingine. Ukimya wako unahesabiwa kuwa jibu. Naona hekima kubwa hapo, kwa sababu mwandishi wa sheria amechukuliwa kuwa mtu anayeweza kuteleza kama mtu yeyote.

Mstari wa pili, ule wa "asiyetajwa haingii", ndio uliogharimu zaidi kujifunza. Tarehe 25 Januari 2003, mdudu aliyeitwa SQL Slammer alitoka na ujumbe wa baiti 376 tu, mfupi kuliko aya hii. Ulibisha mlango namba 1434 wa hifadhidata za Microsoft. Idadi ya mashine zilizoambukizwa iliongezeka maradufu kila sekunde 8.5 mwanzoni, na ndani ya dakika kumi karibu zote zilizokuwa hatarini zilikuwa zimepatikana, angalau 75,000. Kiraka kilikuwa kimetolewa miezi sita kabla. Na hata bila kiraka, mlango ule kwa seva nyingi haukuwa na sababu ya kuonekana na dunia. Januari 2017 ikajirudia kwa namna nyingine: maelfu ya hifadhidata za MongoDB zilizoachwa wazi bila nywila zilifutwa na watu waliodai fidia. Hakuna aliyevunja mlango. Haukuwa umefungwa.

Huku kwetu, mpaka 2009 intaneti ilipita kwa satelaiti, ghali na ya polepole. Mwaka huo nyaya za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zikafika Mombasa. Kasi ilikuja, na ujirani ukaja nayo. Washa seva mpya leo yenye anwani ya umma, iache muda kidogo, kisha soma kumbukumbu zake. Utakuta wageni kutoka pembe zote za dunia wameshabisha 22, wakijaribu majina kama root na admin. Hawakujui wala hawakuchukii. Ni programu zinazotembea mtaa mzima zikisukuma kila geti.

Ukuta huu pia una mwisho wa uwezo wake. Julai 2023 eCitizen ilishambuliwa na kundi lililojiita Anonymous Sudan, na waliotaka pasipoti, viza au leseni wakakwama. Shambulio lilikuwa la kufurika: maombi mengi ya uongo kwa pamoja hadi yale ya kweli yakakosa nafasi. Hapo fayawoli ya kwenye seva haikusaidii sana. Unaweza kuwa na askari mzuri getini, lakini kama barabara nzima imejaa watu, wageni wako hawatalifikia geti. Ulinzi wa aina hiyo hufanyiwa mbali zaidi, kwa wenye mabomba makubwa.

Na kuna mitego mipya. Docker, iliyotoka 2013, huandika sheria zake yenyewe kwenye iptables. Unaweza kuona ufw ikisema mlango umefungwa, kumbe hifadhidata yako iliyo ndani ya kontena iko wazi kwa dunia, kwa sababu pakiti zake zinapita njia ambayo ufw haiitazami. Kwa hivyo usiamini orodha pekee. Toka nje, tumia mashine nyingine, ubishe mwenyewe.

Seva mojawapo ninayotunza ina rekodi za wagonjwa wa kliniki ndogo. Majina, umri, majibu ya vipimo. Wenye majina hayo hawajui neno fayawoli, wala hawapaswi kulijua. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema anayeshika habari za watu awajibike kuzilinda, lakini ukifika kwenye ule mstari mweusi, sheria hiyo inageuka kuwa mambo madogo sana: namba ya mlango, anwani moja iliyoruhusiwa, neno deny.

Siku hizi kila mstari ninaoandika kwenye nftables naubandikia maelezo, kwa Kiswahili, kuhusu kwa nini upo. "Huu ni wa daktari akiwa nyumbani, uondolewe mwisho wa mwezi." Kuna mtu atakuja baada yangu, ataingia kupitia 22, asome kutoka juu kwenda chini. Nataka ajue ni nani tuliyemwamini, na kwa nini, kabla hajaanza kufunga.