Silaha za Jadi na Ukusanyaji Wake: Mafunzo Kutoka Mlima Meru

Mwezi Oktoba 1896, huko Akheri, kwenye miteremko ya kusini ya Mlima Meru, wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa kwa mikuki na wapiganaji wa Kimeru na wa Kiarusha. Pamoja nao waliuawa Wachaga kadha waliofuatana nao katika safari hiyo. Habari hii imeandikwa mara nyingi katika historia ya kanisa, na imeandikwa pia katika historia ya ukoloni. Jambo moja, hata hivyo, aghalabu halitajwi: mikuki hiyo yenyewe. Watu wa mlima huu walipataje silaha zao? Zilifuliwa kwa chuma cha wapi, na kwa mikono ya nani? Na silaha huwaje baada ya mwenyewe kushindwa?

Tuanze na chuma. Watu wengi waonapo sime iliyo ndani ya ala ya ngozi nyekundu, au mkuki wenye bapa refu na kitako cha chuma, husema mara moja, “Hii ni silaha ya Kimasai.” Neno hilo ni kweli nusu tu. Kwa muda mrefu chuma kingi kilichotumiwa Kilimanjaro kilitoka Upare, hasa Ugweno, ambako mafundi walikusanya mchanga mweusi wenye chuma katika vijito, wakauyeyusha kwa makaa na mivukuto. Wahunzi wa Kichaga walikinunua chuma hicho wakakifua kuwa majembe, visu na mikuki. Mwingereza Harry Johnston, aliyekaa Kilimanjaro mwaka 1884, aliusifu sana ustadi wao. Wamasai nao walikuwa na wahunzi wao, waitwao il-kunono, lakini pia walipata silaha kwa majirani zao wakulima. Baadaye misafara kutoka pwani ilileta senyenge nene, iliyotolewa pamoja na shanga kuwa hongo ya njia. Joseph Thomson aliibeba kwa wingi alipopita Umasaini mwaka 1883. Senyenge hiyo nayo iliingia kalibuni, ikapigwa, ikawa mikuki.

Basi silaha moja tu yaweza kuwa na chuma cha Mpare au cha ng’ambo, ufundi wa Mchaga, ngozi ya ng’ombe wa Mmasai, na mkono wa Mmeru aliyeishika. Atakayekusanya silaha za makabila mbalimbali na kuzipanga kila kabila peke yake, kana kwamba hawakupata kuonana, atakuwa amezihifadhi silaha na kuipoteza historia.

Hali kadhalika, silaha haimwelezi fundi wake isipokuwa tumeuliza. Katika mapokeo ya Ugweno, kama alivyoyaeleza mwanahistoria Isaria Kimambo katika kitabu chake cha mwaka 1969, ukoo wa Washana, ambao ni wahunzi, ndio uliotawala kabla ya kupinduliwa na Wasuya. Kwa Wachaga, mhunzi aliheshimiwa na kuogopwa pia, kwa kuwa nyundo yake ilitumika katika kulaani waovu. Kwa Wamasai mambo yalikuwa kinyume. Mhunzi alitengwa, watu wengine hawakuoa kwake, na aliyepokea kitu kutoka mkononi mwake alijipaka mafuta kwanza ili ajikinge na unajisi. Kazi ni ile ile moja, na moto ni ule ule, lakini fundi huyu alikuwa mtawala, yule aliogopwa, na wa tatu alidharauliwa. Hayo yote hayaonekani kwenye makali ya upanga.

Pengine mtu atadhani kwamba kukusanya silaha na kuzitunza ni desturi ya kigeni. Sivyo. Huko Karagwe, Mfalme Rumanyika alikuwa na hazina yake ya vitu vya chuma na shaba katika mji wake wa Bweranyange. Speke alifika kwake mwaka 1861, na Stanley mwaka 1876. Stanley aliandika habari za mikuki, miundu na sanamu za wanyama alizozikuta humo. Hazina hiyo ilikuwa sehemu ya ufalme wenyewe. Vitu vilikaa mahali vilipotengenezewa, miongoni mwa watu waliojua maana yake. Chombo na maelezo yake vilikaa chini ya paa moja.

Ukusanyaji wa wakoloni ulikwenda njia nyingine. Baada ya mauaji ya Akheri, Kapteni Kurt Johannes wa kituo cha Moshi aliongoza majeshi, pamoja na wasaidizi wengi wa Kichaga, dhidi ya Wameru na Waarusha. Migomba ilikatwa, nyumba zikachomwa moto, na ng’ombe wakaswagwa. Tarehe 2 Machi 1900, huko Moshi ya Kale, Wajerumani waliwanyonga watu 19, miongoni mwao Mangi Meli wa Moshi na Mangi Lobulu wa Meru. Wakati huo huo boma la Arusha lilikuwa likijengwa kwa kazi ya kulazimishwa ya watu wale wale walioshindwa.

Katika hali ya namna hiyo silaha za wenyeji zilikuwa ngawira. Tangu mwaka 1889 serikali ya Ujerumani ilikuwa imeamuru kwamba vitu vya makumbusho vilivyokusanywa katika misafara iliyogharimiwa na dola vipelekwe Berlin. Felix von Luschan, mtaalamu wa makumbusho ya huko, aliwaandikia wakusanyaji mwongozo wa namna ya kuandika habari za kila kitu. Lakini askari aokotaye mkuki penye maiti hamwulizi mtu jina la mhunzi. Silaha nyingi zikafika Ulaya zikiwa na jina la kabila tu, au la mlima tu. Wala waliokusanya silaha hawakuishia kwenye silaha. Mwaka 2023 ilitangazwa Berlin kwamba, kwa uchunguzi wa vinasaba, jamaa walio hai wa watu watatu ambao mafuvu yao yalichukuliwa kutoka sehemu za Kilimanjaro wamepatikana hapa Tanzania. Mkuki bila jina la mwenyewe ni hasara. Je, tuseme nini juu ya kichwa cha mtu?

Taifa huru halikulinyamazia jambo hili. Mwaka 1962 iliundwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na mwaka 1964 ikatungwa Sheria ya Mambo ya Kale, ambayo yazuia vitu vya kale na vya jadi kupelekwa nje bila kibali. Boma la Arusha, lililojengwa ili kuwatawala watu, limekuwa makumbusho. Mwezi Novemba 2024 yalifunguliwa mjini Berlin maonyesho ya historia ya Tanzania yaliyotayarishwa kwa ushirikiano na Makumbusho yetu ya Taifa. Hizo ni hatua njema. Lakini sheria huzuia kitu kisitoke. Haiwezi kuzuia maarifa yasife. Mzee akifa pamoja na jina la mhunzi aliyeifua sime yake, hakuna afisa wa forodha awezaye kulirudisha.

Kwa hiyo kazi iliyobaki ni yetu, walimu na wanafunzi. Shule yenye chumba kidogo na daftari yaweza kufanya mengi. Kila kisu, mundu au mkuki utakaoletwa uandikiwe jina lake katika lugha ya wenyewe, na majina ya sehemu zake: bapa, mgongo, mpini, ala. Iandikwe ulifuliwa na ukoo gani, kwa chuma gani, kwani hata sime iliyofuliwa kwa springi ya gari au kwa tupa kuukuu ina historia yake. Iandikwe ulitumika kwa kazi gani, na nani alikatazwa kuushika. Mzee asipotaka kuiachia silaha ya baba yake, asilazimishwe wala asilaghaiwe kwa fedha. Na apewe heshima ya kusikilizwa, silaha ibaki kwake, na maelezo yaandikwe. Kukusanya kwa namna hiyo hakumnyang’anyi mtu kitu.

Wahenga walisema kwamba mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Mwaka 1896 na miaka iliyofuata, mwenye bunduki alikula nyama, akachukua na kisu. Kisu hicho kikirudi, au kikibaki huko kiliko, hakitasema lolote kama sisi tumekwisha kusahau jina lake. Mwanafunzi wa Akheri anaweza kuanza jioni ya leo kwa kumwuliza babu yake swali moja tu: “Hii, nani aliifua?”