Nyota ya Mkia Juu ya Mji wa Dhahabu

Alfajiri ya tarehe 12 Januari 1910, wachimbaji wa almasi wa Transvaal, Afrika Kusini, walitazama mashariki wakaona nyota angavu yenye mkia. Hakuna mtaalamu aliyekuwa ameitabiri. Habari ikapita mdomo kwa mdomo hadi ikafika gazetini Johannesburg, na Robert Innes wa kituo cha nyota cha mji huo akaombwa atazame. Tarehe 16 mawingu yakamzibia anga. Tarehe 17 yakapasuka, na kometi ikang'aa kiasi cha kuonekana hata mchana. Ilipotangazwa kwa simu, neno la Kiingereza "great", yaani kubwa, lilisikika "Drake", na kwa siku kadhaa watu wakaiita nyota ya Drake, mtu ambaye hakuwepo.

Mtu wa Kamituga, mashariki mwa Kongo, akisikia kisa hicho hujiona ndani yake. Mji huu wa Mwenga, kusini-magharibi mwa Bukavu, ulikuzwa na dhahabu: kwanza chini ya kampuni ya MGL iliyoundwa mwaka 1923, kisha kampuni ya SOMINKI kuanzia 1976, na leo kwa jasho la wachimbaji wadogo wanaoshuka mashimoni na tochi kichwani. Anayetoka shimoni alfajiri yuko macho saa ileile ambayo kometi nyingi hupendeza, jua likiwa bado chini ya vilima.

Mahali pake pia panampendelea. Karibu na ikweta, njia ya jua husimama karibu wima. Kometi iliyo jirani na jua hupanda moja kwa moja juu ya vilima, wakati kule Ulaya ingelala chini kwenye ukingo wa anga.

Kinachomnyima nafasi hiyo ni mawingu. Kamituga imezungukwa na msitu, na upande wa kusini kuna nyanda za juu za Itombwe. Mvua hushika kuanzia Septemba hadi Mei, na alfajiri ukungu hujaa mabondeni.

Kwa bahati mbaya, kalenda ya kometi imegongana na kalenda ya mvua mara kwa mara. Tarehe 1 Novemba 1948 kivuli cha mwezi kilipita Kongo ya Wabelgiji, Kampala na Nairobi. Jua lilipofunikwa kwa muda usiofika dakika mbili, pembeni mwake ikaonekana kometi ambayo hakuna aliyeijua. Siku chache baadaye ilikuwa ikiburuta mkia mrefu katika anga la alfajiri. Kometi ya Bennett, iliyogunduliwa Desemba 1969 na Jack Bennett, mtazamaji wa kujitolea wa Pretoria, iling'aa Machi na Aprili 1970. Kometi ya Halley ilikaribia dunia tarehe 11 Aprili 1986. Tsuchinshan-ATLAS ilionekana alfajiri mwishoni mwa Septemba 2024, kisha ikahamia magharibi jioni za Oktoba, karibu na Zuhura. Zote nne zilikuja wakati wa masika ya Kivu.

Hata hivyo, upenyo mdogo kati ya mawingu unatosha kupata picha. Mwaka 1882, David Gill wa kituo cha nyota cha Cape, Afrika Kusini, alitaka kupiga picha ya kometi kubwa ya mwaka ule. Akamwita Allis, mpiga picha wa biashara wa Mowbray, wakafunga kamera yake kwenye darubini iliyoifuata anga inavyozunguka. Kwenye vioo vya picha, kando ya kometi, kulitokea nyota nyingi mno. Hapo Gill akapata wazo la kuorodhesha nyota za kusini kwa kamera, kazi aliyoifanya na Kapteyn wa Uholanzi hadi wakafikisha nyota 454,875.

Kazi ya Allis leo yaweza kufanywa kwa simu iliyoegemezwa kwenye jiwe isitikisike. Mpigaji hupiga picha makumi, kila moja ya sekunde chache. Wingu likiharibu hii, huiacha ile. Picha safi huchaguliwa, kisha programu ya kompyuta huzipanga moja juu ya nyingine, nyota juu ya nyota, na mkia uliokuwa hafifu hujitokeza. Mwenye subira ya dakika ishirini upenyoni huondoka na kitu ambacho jicho halikukiona.

Halley yenyewe iko njiani kurudi. Italipita jua kwa karibu tarehe 28 Julai 2061, katikati ya kiangazi cha Kivu, miezi ambayo mvua hupungua na vilima vya Mwenga hubaki na vumbi na moshi wa mashamba. Mtoto anayezaliwa Kamituga mwaka huu atakuwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, na safari hiyo huenda akaiona kabla mawingu hayajawahi.