Mkonge wa Mazimbu na watu walioukata

Mawingu yanayotoka Bahari ya Hindi hugota kwenye Milima ya Uluguru, na miteremko ya mashariki hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Tambarare zilizo nyuma ya milima, kuanzia mji wa Morogoro kuelekea Kilosa, hazipati hata nusu yake. Huko ndiko mkonge ulikopata makao.

Mikonge ya mwituni ilikuwepo tangu zamani katika nyika hizi, ile yenye majani manene yanayosimama wima kwenye vichaka na nyufa za miamba. Watu waliifua wakapata nyuzi za kusokotea kamba, mitego na upote wa upinde. Mkonge wa mashambani ni mgeni. Ni jamaa ya yuka, na kwao ni rasi ya Yucatán, Mexico. Vitundu vya majani yake hufunguka usiku na kufunga mchana, kwa hiyo jua kali haliunyang'anyi maji.

Mwaka 1892 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida kupitia Hamburg. Iliyofika Tanga mwaka 1893 ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani, ikazaliana. Reli ya Kati ilipofika Morogoro mwaka 1907, njia ya bandarini ikawa imepatikana, na baadaye mashamba yakaenea Kingolwira, Pangawe, Tungi na Mazimbu, jirani na Mto Ngerengere. Mto ulikuwa wa lazima, kwa kuwa korona, mashine ya kuchakata majani, haifanyi kazi bila maji mengi.

Historia ya zao hili husimuliwa zaidi kwa tani na majina ya wenye mashamba. Naona hilo ni kuwadhulumu waliolibeba. Mkataji aliingia shambani alfajiri na kisu, akaanza na majani ya chini, akapunguza mwiba wa ncha usije ukamtoboa, kisha akafunga majani thelathini thelathini. Utomvu uliwasha mikono na shingo. Na katika kilo 100 za majani aliyobeba, nyuzi kavu hazikuzidi sana kilo 4.

Waluguru wengi hawakutaka kazi hiyo. Walikuwa na mashamba yao milimani na mazao ya kuuza sokoni. Ya nini kuhamia kambini? Wafanyakazi wakatafutwa mbali, hadi Kigoma, Unyamwezi na kusini kwa Wamakonde. Hao ndio walioitwa manamba. Kila mmoja alikuwa na kipande, kadi ya kuhesabia siku za kazi, na mshahara ulilipwa baada ya kutimiza siku 30 za kazi. Japan ilipoiteka Ufilipino mwaka 1942, Uingereza na washirika wake walikosa katani ya huko, na serikali ya kikoloni ikawapeleka watu mashambani kwa amri. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda SILABU, ofisi yao ya kuandikisha vibarua. Wengi hawakurudi makwao. Mchanganyiko wa makabila unaoukuta Morogoro leo una mizizi katika kambi hizo.

Nchi ilipopata uhuru mwaka 1961, mkonge ndio uliokuwa ukiingiza fedha nyingi za kigeni kuliko zao lolote. Mwaka 1964 uzalishaji ulifika takriban tani 230,000, na hakuna nchi iliyoipita Tanzania. Kisha kamba za plastiki zikaingia sokoni, bei ikaporomoka, na hata mashamba mengi yalipotaifishwa mwaka 1967 zao halikuinuka. Mengine yakageuka pori.

Mazimbu lilikuwa mojawapo. Baada ya maasi ya wanafunzi wa Soweto mwaka 1976, vijana wengi wa Afrika Kusini walikimbilia uhamishoni, na mwaka 1977 serikali ya Tanzania ikakipa chama chao cha ukombozi, ANC, shamba hilo. Wa kwanza kufika walikarabati nyumba chakavu za shamba la mkonge wakaishi humo. Shule waliyoianzisha hapo ikapewa jina la Solomon Mahlangu, kijana wa ANC aliyenyongwa na makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Polepole yakajengwa madarasa, mabweni na hospitali, zikawepo bustani za mboga na mifugo, katika ardhi ambayo manamba walikuwa wamekwisha kuifyeka kwa mikono yao.

Julai 1992 ANC iliirudisha Mazimbu kwa Tanzania. Leo ni kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo.