Kusanifu njia za umeme: Hesabu inayoanzia kwenye mashine ya kusaga

Na Mwandishi Wetu, Mbozi

UMEME unapofika kijijini, macho ya wengi huelekea kwenye nguzo na transfoma. Mtaalamu aliyeisanifu njia hiyo, hata hivyo, hakuanza na nguzo. Alianza na swali: nani atautumia umeme huu, wapi, saa ngapi na kwa kiasi gani?

Hilo ndilo somo la kwanza kwa kijana anayetaka kujifunza usanifu wa mifumo ya kusafirisha na kusambaza umeme. Nanyala, kata ya Wilaya ya Mbozi mkoani Songwe, iliyo kandokando ya barabara kuu ya Mbeya hadi Tunduma, inatosha kuwa darasa lake.

Katika wilaya hii ya wakulima wa kahawa na mahindi, msanifu hukutana na nyumba za taa chache, maduka yenye majokofu, mafundi wa kuchomelea vyuma na mashine za kusaga. Hajumlishi mahitaji yote kama yalivyo, kwa kuwa si kila nyumba huwasha pasi kwa wakati mmoja. Hutafuta kilele cha matumizi, kisha huongeza ukuaji wa miaka ijayo. Akikadiria kidogo, transfoma huelemewa. Akizidisha, fedha ambazo zingefikisha umeme kijiji jirani hulala bila kazi.

Msongo na umbali

Baada ya mahitaji, linafuata suala la umbali. Kituo cha kuzalisha umeme cha Kidatu, kilichoanza mwaka 1975 na chenye uwezo wa megawati 204, kiko mamia ya kilomita kutoka Songwe. Njia ya kilovolti 220 hutoka huko kupitia Iringa na Mufindi hadi Mbeya. Katika kituo cha Mwakibete jijini Mbeya, umeme hupozwa hadi kilovolti 33 kwa ajili ya usambazaji. Transfoma za mitaani huushusha tena hadi volti 400 kwa mashine na 230 kwa nyumba.

Sababu ya ngazi hizo ni hesabu nyepesi. Tuchukue mfano wa megawati 2. Kwa kilovolti 33, mzigo huo huhitaji mkondo wa takriban ampea 39 katika kila waya. Kwa kilovolti 11, mkondo hufikia ampea 117. Kwa volti 400, ungezidi ampea 3,200, ambao hakuna waya wa kawaida wa mtaani unaoweza kuubeba. Aidha, umeme unaopotea njiani kama joto huongezeka kwa kipeo cha pili cha mkondo. Mkondo ukiwa mara tatu, upotevu huwa mara tisa.

Mwisho wa laini

Makosa ya usanifu huonekana zaidi kwa mteja wa mwisho. Mota ya kilowati 15 ya mashine ya kusaga hutumia karibu ampea 28. Ikiwa iko nusu kilomita kutoka kwenye transfoma, na waya ni wa alumini wa milimita 50 za mraba, wenye upinzani wa takriban omu 0.64 kwa kilomita, volti 9 hivi hupotea njiani. Mwenye mashine hatalalamika. Umbali ukiwa kilomita moja, volti 18 hupotea, na akiongezeka jirani mwenye mashine kama hiyo mahali hapo hapo, upotevu hukaribia volti 36.

Hapo taa hufifia jioni, na mota, kwa kukosa msongo wa kutosha, huvuta mkondo mkubwa zaidi, hupata joto na hatimaye huungua. Hasara inamwangukia msagishaji, wakati kosa lilifanyika mezani siku ya kuchora ramani. Dawa yake ni kusogeza transfoma karibu na mzigo au kuchagua waya mnene tangu mwanzo.

Upepo, radi na usalama

Msanifu pia hupima ardhi. Waya hulegea wakati wa joto, hivyo urefu wa nguzo huamuliwa na kimo cha chini kabisa cha waya juu ya barabara wanapopita watu na malori. Nguzo ya konani huhitaji waya wa kuishikilia. Katika maeneo yaliyo juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, kama uwanda wa Mbozi, hewa ni nyepesi na uwezo wake wa kuzuia umeme hupungua. Vikombe na nafasi kati ya nyaya huchaguliwa kwa kuzingatia hilo, pamoja na kinga ya radi. Fyuzi nazo hupangwa ili hitilafu ya mtaa mmoja isizime kata nzima.

Kwa kiwango kikubwa zaidi, kanuni ni zile zile. Mradi wa kuunganisha gridi za Tanzania na Zambia, ambao Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wake mwaka 2018, ulisanifiwa kwa kilovolti 400 kupitia Iringa, Mbeya, Tunduma hadi Sumbawanga, umbali unaozidi kilomita 600.

Mahali pa kujifunzia

Msingi ni fizikia na hisabati za sekondari. Vyuo vya VETA hufundisha ufundi wa umeme, huku Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, kilichokua kutoka chuo cha ufundi cha mwaka 1986, kikiwa karibu zaidi na wakazi wa Songwe kwa masomo ya uhandisi. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pia hutoa mafunzo hayo. Mhitimu wa shahada husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ambayo tangu mwaka 2003 inaendesha mpango wa miaka mitatu wa mafunzo kazini.

Kompyuta leo hufanya hesabu hizi kwa dakika chache. Lakini haiwezi kujua kwamba mwaka ujao mtu atafungua mashine ya kusaga mwisho wa laini. Hilo hujulikana kwa kwenda Nanyala na kuuliza.